Betri ilikuwa 58, na mimi nilishakula laki mbili

NDUGU msomaji, kuna siri ukikaa nazo zinakuwasha kama pilipili kwenye kidonda. Hii yangu nimekaa nayo tangu mwaka 2024, na leo naitapika hapa gazetini ili nipumue. Ukitaka kunicheka nicheke, lakini soma mpaka mwisho. Iko siku na wewe utasimama mbele ya gari la mtumba lisilonuka petroli, dalali anakuchekea meno yote 32, na hujui uangalie wapi.

Mambo yalianza hivi. Bi mkubwa wangu ni mwalimu mstaafu. Amekula vumbi la chaki mpaka serikali ikamwambia mama inatosha, kapumzike. Kupumzika kwenyewe hajui, kwa hiyo akajenga banda kule Kibaha na kuanza kufuga kuku wa mayai. Kila Jumanne na Ijumaa trei zinaingia mjini: Manzese, Magomeni, mpaka Kariakoo. Ni kilomita kama 40 kwenda na 40 kurudi. Alikuwa anakodi kirikuu kwa shilingi 45,000 kila safari. Piga mwenyewe hesabu ya mwezi, utaona nani alikuwa anafuga kuku na nani alikuwa anakula mayai.

Jumapili moja nimekwenda kumsalimia, akaniita jikoni.

"Mwanangu, kile kiinua mgongo kimebaki kidogo. Nataka kagari. Wewe utaendesha siku za mayai, siku nyingine utajua mwenyewe ujitafutie wapi. Si unashinda kwenye simu? Basi nitafutie."

Mimi ni nani? Mtoto wa Form Four niliyetoka na divisheni ya kuchechemea, nimepanga chumba kimoja Sinza, naandika vijimakala kama hivi na kulipwa kwa kipande. Leseni ninayo, ila gari nililokuwa nalo ni la kwenye ndoto. Unadhani nililala usiku ule? Nilijiona tayari nimeshusha kioo, mkono nje, nawapungia mashoga zangu kituo cha daladala.

DILI LA LAKI SITA

Wakati ule petroli hapa Dar ilikuwa imeshavuka shilingi 3,000 kwa lita. Kila kijiwe ilikuwa ni hiyo stori. Mgawo wa umeme nao, uliotunyanyasa mwishoni mwa mwaka 2023, ulikuwa umeanza kupungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji kuanza kuzalisha Februari 2024. Nikasema basi, dawa ni gari la umeme.

Nikakaa na kalamu. LUKU ya shilingi 10,000 ilikuwa inakupa unit kama 28, ukiacha ile ya kwanza ya mwezi waliyokuwa wanakata kodi ya jengo. Gari dogo la umeme kama Nissan Leaf likitembea kilomita 80 linakula unit 15 hivi, yaani kama shilingi 5,500. Kagari ka petroli kanakotembea kilomita 12 kwa lita, safari hiyo hiyo kanakunywa karibu lita saba. Hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 20,000. Hesabu hiyo ilikuwa sawa. Kosa halikuwa kwenye hesabu, msomaji wangu. Kosa lilikuwa kwenye tumbo langu.

Nikampata dalali. Jina lake silitaji na yadi siitaji, maana sitaki kesi. Ni kijana mtanashati, kiatu kinang'aa, marashi yanatangulia yeye anafuata. Akanionyesha Leaf ya mwaka 2013, nyeupe, safi ndani mpaka unaona aibu kukanyaga. Kilomita 61,000 tu. Bei milioni 15, maongezi yapo.

"Sista, hii kitu Japani wameipima wenyewe, inapiga kilomita 228 kwa chaji moja," akaniambia. "Nairobi wamezifanya teksi. Mama yako akienda na kurudi Kibaha anabakiwa na chaji ya kwenda harusini."

Kisha akanisogeza pembeni ya ukuta. "We mlete mama tu. Cha juu chako laki sita."

Nikacheka kama sikuelewa. Akatoa laki mbili hapo hapo, noti zimenyooka. "Hii ya soda."

Nikazichukua. Ndiyo, nilizichukua! Laki na nusu ikaenda kwa baba mwenye nyumba aliyekuwa ananigongea mlango alfajiri kama muadhini, na hamsini ikaishia kichwani kwa msusi. Kufika Jumatano sikuwa na hata mia.

VIJITI VYA PEMBENI

Mama hakuwa mjinga. Mwalimu wa hesabu huyo, mtu ambaye akinunua nyanya anageuza kila moja. Akasema, "Kabla sijalipa, mlete yule kijana mliyesoma naye, aliyekwenda VETA kujifunza umeme wa magari. Aliangalie."

Nikasema sawa Mama. Moyoni nikasema atakuja, atapiga teke tairi, atasema poa, tumemaliza.

Ijumaa tukakutana yadi saa tatu asubuhi, mimi na Fundi. Mama alikuwa bado njiani. Dalali akawasha gari, yaani akabonyeza kitufe, maana hizi haziungurumi. Kioo cha mbele ya usukani kikawaka. Akaweka kidole chake kwenye vijiti virefu vya pembeni.

"Hesabu mwenyewe, sista. Vimejaa vyote 12. Betri kama jana imetoka kiwandani."

Nikahesabu. Kweli 12. Nikamgeukia Fundi kama mtu aliyeshinda kesi.

Fundi hakunijibu. Akainama, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akanyoosha kidole pembeni kabisa ya vile vijiti virefu. Kumbe kuna vijiti vingine vidogo, vyembamba kama vibiriti, vimejibanza pembeni, viwili vya chini vyekundu. Huwezi kuviona kama hujaambiwa.

"Vile vikubwa ni chaji," akasema. "Vinakuambia ndoo imejaa maji. Hivi vidogo ndiyo ukubwa wa ndoo yenyewe. Gari likiwa jipya vinakuwa 12. Hebu hesabu."

Nikahesabu. Saba.

Nikahesabu tena kuanzia juu, labda vitaongezeka. Saba.

Dalali akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. "Hivyo havina maana, bro. Hivyo ni mambo ya Wajapani."

KIDUDE CHA FUNDI

Fundi akatoa mfukoni kidude kidogo, hakizidi kiberiti. Akakichomeka chini ya usukani, akafungua simu yake kwenye programu inayoitwa LeafSpy. Bei ya kidude hicho haifiki hata ya tairi moja, lakini siku ile kilimwogopesha dalali kuliko askari.

Takwimu zikaanza kuteremka kwenye simu. Afya ya betri: asilimia 58.

Sasa hapa, msomaji, nikueleze alivyonieleza Fundi, kwa sababu ndipo watu wanapoingizwa mjini. Betri ya gari la umeme siyo kama injini. Injini unaweza kuipa oveholi, ukabadilisha ringi, maisha yakaendelea. Betri inazeeka kwa kutumika na inazeeka pia kwa kukaa tu. Kwa hiyo kilomita 61,000 zisikupumbaze. Gari lile lilikuwa na miaka 11 na betri yake ile ile, na kalenda nayo ilikuwa inakula.

Adui mwingine ni joto. Magari mengine ya umeme yana maji ya kupoza betri, lakini Leaf betri yake inapozwa na hewa tu inayopita nje. Mwaka 2012 kule Arizona, Marekani, ambako jua linachoma kama pasi, wenye Leaf walianza kulalamika kwamba vijiti vinapukutika wakati magari bado mapya. Nissan ikabidi iwape Wamarekani dhamana kwamba vijiti vikishuka chini ya tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000, betri inashughulikiwa. Baadaye ikaleta betri inayovumilia joto zaidi, kwenye toleo la mwaka 2015. Ile ya kwetu yadi ilikuwa ya kabla ya hapo. Na Dar es Salaam ya Januari wewe unaijua, hata feni inatoa jasho.

Halafu tukaja kwenye zile kilomita 228. Dalali hakudanganya, maana Wajapani kweli waliandika hivyo kwa toleo lile. Lakini hicho ni kipimo chao cha maabara, hakuna foleni ya Mbezi wala mwendo wa barabara kuu. Wamarekani walipolipima gari la mwaka ule ule walilipa maili 75, kama kilomita 120, na hiyo ni likiwa jipya.

"Chukua 120," Fundi akasema, "zidisha kwa 58, gawa kwa 100."

Nilipata F ya hesabu mimi, lakini hiyo niliiweza. Kilomita 70.

Kibaha kwenda na kurudi ni 80.

Yaani mama yangu, na trei zake, na miaka yake 60 na ushei, angezimikiwa kilomita kumi kabla hajafika nyumbani. Na hapo bado hujawasha kiyoyozi. Na mwakani asilimia zinashuka tena.

Fundi akafungua ukurasa mwingine, ukawa na vimstari vingi vimesimama kama meno ya kitana. "Humu ndani kuna jozi 96 za seli zimefungwa msururu," akasema. "Jozi moja ikiwa mgonjwa, gari zima linamsubiri yeye. Akiishiwa yeye, kompyuta inazima, hata kama wenzake bado wana nguvu." Akamwambia dalali akanyage mafuta, maana bado tunasema mafuta hata kama hayapo. Gari likaruka mbele, na vimstari viwili vikazama chini kuliko vyote.

Nikamvuta Fundi shati. Hapa ndipo panaponitia aibu mpaka leo.

"Kaka," nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama akija, mwambie tu betri imechoka kidogo. Nitakutoa."

Akaniangalia. Tulikaa dawati moja miaka miwili yule, nilikuwa namwangalizia Kiswahili yeye ananiangalizia fizikia. Akachomoa kidude chake, akakiweka mfukoni. "Mimi nimeshapima," akasema. "Kusema, sema wewe. Mama ni wako."

SWALI LA MWALIMU

Mama akafika na bajaji, kitenge chake cha kutokea, mkoba umebanwa kwapani. Dalali akamkimbilia. "Shikamoo Mama mkubwa! Karibu sana, kiti hiki hapa." Maji ya baridi yakaja. Nikajua leo mtu anachinjwa kwa heshima.

"Marahaba mwanangu," Mama akasema. Hakukaa. Akalizunguka gari taratibu, akafungua buti, akapima kwa viganja trei ngapi zitaenea. Akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu sherehe yake ya kustaafu. Akapapasa usukani kama anapapasa kichwa cha mtoto.

Dalali akaniangalia. Jicho lake lilikuwa linasema laki nne zilizobaki.

Mama akanigeukia. Hakuuliza betri ikoje. Hakuuliza kilomita. Aliuliza swali moja tu, kwa ile sauti ya kuitisha madaftari:

"Wewe ungelinunua?"

Msomaji, nilikuwa na majibu matatu mdomoni na yote yalikuwa ya uongo. Nikaangalia chini. Nikaona viatu vyake, vile vyeusi vya kazini, soli zimeshonwa mara ya pili. Milioni 15 ile ilikuwa ni miaka ya kusimama ubaoni.

"Hapana Mama," nikasema. "Betri imebaki asilimia 58. Halikurudishi Kibaha."

Dalali akalipuka. Eti mimi mshamba, eti Fundi ananuka shida, eti wateja wako foleni. Mama akamwacha amalize, kama anavyomwacha mtoto mtukutu, kisha akamwambia, "Ahsante kwa maji, baba." Akageuka kuondoka.

Ndipo yule bwana akatoa bomu lake la mwisho, kwa sauti ya yadi nzima kusikia: "Basi mwambie binti yako arudishe laki mbili zangu!"

Mwenzangu, natamani ardhi ingepasuka siku ile. Mama akasimama. Hakugeuka haraka. Akafungua mkoba, akahesabu noti ishirini za elfu kumi kumi, hela aliyokuja nayo ya kulipia chakula cha kuku, akamkabidhi. Kisha akaniambia, "Twende."

Ndani ya bajaji hakusema neno mpaka Ubungo. Pale ndipo akasema, macho yako barabarani: "Ungesema unadaiwa kodi, ningekupa." Basi. Afadhali angenichapa.

KAMA NA WEWE UNATAKA

Sisemi magari ya umeme ni mabaya, nisije nikanukuliwa vibaya. Mtu anayekaa Kinondoni na kufanya kazi Posta, hata hiyo ya asilimia 58 ingemfaa miaka kadhaa, kama bei ingekuwa ya asilimia 58. Hata zile teksi za Nairobi zilikuwepo kweli, NopeaRide walizianza mwaka 2018, ila walikuwa na vituo vyao vya kuchajia mle mle mjini, na kampuni ilifunga mwisho wa mwaka 2022. Hilo la kufunga dalali hakunitajia.

Lakini ukienda yadi, kwanza hesabu vile vijiti vyembamba, siyo vinene. Pili, nenda na mtu mwenye kidude chake mwenyewe, siyo cha muuzaji. Tatu, usiamini hata hivyo vijiti peke yake, kwa sababu wapo wajanja wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vinarudi 12 kwa muda, halafu ukitembea wiki kadhaa vinaporomoka. Gari la miaka kumi na betri yake ya kuzaliwa likikuonyesha afya ya asilimia 99, kimbia. Dawa ni kuliendesha: anza na chaji imejaa, tembea kilomita 30 za kweli, angalia imeshuka asilimia ngapi, kisha fanya hesabu ya darasa la tano.

Nne, uliza ukubwa wa betri. Leaf za mwanzo zina kilowati-saa 24, baadaye zikaja za 30, na toleo la pili lililotoka Japani Oktoba 2017 lina 40. Kwa nje zile za 24 na 30 zinafanana kama mapacha.

Tano, na hii haipo kwenye LeafSpy: muulize anayekusindikiza kalipwa na nani.

Gari lile lilitoka yadi wiki ile ile. Nilipita Alhamisi na daladala, nikakuta nafasi yake imekaa Vitz nyekundu. Kuna mtu analo. Kila nikipita Mbezi jioni na kuona gari jeupe limewasha taa za hatari pembeni, moyo unaruka. Huyo naye sikumwambia. Ndiyo maana naandika.

Mama bado anakodi kirikuu. Anasema anangoja apate ya 40 yenye vijiti vyake, na safari hii atampigia Fundi mwenyewe bila kupitia kwangu. Laki mbili zake namlipa kidogo kidogo kutokana na hivi vijimakala, nimefika laki na elfu thelathini. Huzipokea, huziandika kwenye daftari la mayai, hasemi kitu.

Ila kila Jumapili nikiingia pale Kibaha na kusema shikamoo Mama, kabla hajaitikia marahaba huninyooshea kidole kifuani na kuuliza:

"Humo ndani leo asilimia ngapi?"

Juzi nilimjibu 65. Akasema tutapima.